Kipande cha bastola nacho ni silaha

Mwambie mtu yeyote wa Buyenzi, Gatumba au Kobero kwamba kuvuka mpaka na bastola bila kibali ni kosa la jinai, naye atakuitikia hapo hapo. Hakuna Mrundi anayehitaji kufundishwa somo hilo baada ya yote yaliyoipata nchi hii tangu mwaka 1993. Lakini mwulize mtu huyo huyo kama ni kosa kuvuka na mtutu wa bastola peke yake, au springi yake, au magazini tupu isiyo na risasi hata moja. Hapo utamwona anasita. Mmoja atasema hicho ni chuma tu. Mwingine atasema ni kipuri kama kipuri cha pikipiki. Na wa tatu, hasa kama ana ndugu ng'ambo, atasema kwamba huko Marekani vitu hivyo vinauzwa dukani mchana kweupe, kwa hiyo kosa liko wapi?

Tahariri yetu ya leo inamjibu huyo wa tatu. Tunaandika kwa sababu wasomaji wetu wengi ni watu wa njiani: wapo waliorudi kutoka kambi za Tanzania, wapo waliochukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2007 katika mpango wa wakimbizi wa mwaka 1972 na sasa wanakuja kusalimia nyumbani, na wapo wanaoishi kwa kubeba mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Watu hao ndio wanaoweza kuingia gerezani kwa kitu kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, tena bila kujua walichokibeba.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu huko kitu hiki kinakotoka. Marekani kuna mtindo wa watu kujitengenezea bastola kwa kuchagua vipande. Bastola inayopendwa kwa mtindo huu ni ile ndogo, fupi, inayofichika chini ya shati. Aina kama Glock 26, iliyotoka katika miaka ya 1990, au SIG Sauer P365, iliyotoka mwaka 2018, ni mifano inayojulikana duniani kote. Mnunuzi huchukua kiunzi kutoka kiwanda kimoja, slaidi kutoka kingine, mtutu kutoka cha tatu, na kifyatuo kutoka cha nne, kisha huviunganisha mpaka apate bastola anayoitaka yeye. Huko kwao ni burudani halali kwa raia anayeruhusiwa kumiliki silaha, kama vile vijana wa kwetu wanavyobadilisha taa, vioo na usukani wa pikipiki ili ipendeze.

Ni halali huko kwa sababu ya namna sheria yao ilivyoandikwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu silaha inakihesabu kiunzi cha bastola kuwa ndiyo bastola yenyewe. Kiunzi ndicho chenye namba, na kukinunua dukani ni lazima mnunuzi achunguzwe. Mtutu, slaidi, springi na kifyatuo havihesabiwi hivyo na sheria ya taifa, na katika majimbo mengi vinaweza kuagizwa kwa posta na kufika mlangoni kama viatu. Katika ile P365 tuliyoitaja, namba iko kwenye kisanduku kidogo cha chuma kilichomo ndani, na lile ganda la plastiki linaloshikwa mkononi huuzwa bila kuulizwa lolote. Kijana aliyekulia katika hali hiyo anaweza kuamini kwa moyo safi kabisa kwamba vilivyomo kwenye begi lake si silaha.

Lakini dunia nzima haiishi kwa sheria ya Marekani. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2005, inataja vipande kwa majina: mtutu, kiunzi, slaidi, silinda, komeo la kufungia risasi, na hata kile kifaa cha kupunguza mlio. Umoja wa Ulaya nao, katika maagizo yake ya mwaka 2017, umeviweka mtutu na slaidi katika fungu moja na silaha kamili. Kwa hiyo hata huko kwa wazungu, kipande kilicho halali Chicago kinaweza kumfunga mtu Brussels.

Na hapa kwetu? Hapa kwetu maandishi yapo, tena si ya jana. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi ilitiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, Burundi ikiwemo, ikaanza kufanya kazi tarehe 5 Mei 2006. Itifaki hiyo haikuishia kwenye bunduki na risasi. Inagusa pia vipande na vipuri vyote ambavyo silaha haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Inasema pia jambo ambalo wengi hawalijui: kuunganisha silaha bila leseni, au kuiunganisha kwa vipande vilivyopitishwa kimagendo, au kuiunganisha bila kuitia alama, ni kutengeneza silaha kinyume cha sheria. Yaani yule anayekaa mezani na bisibisi akilinganisha kipande na kipande, mbele ya itifaki hii amekuwa mwenye kiwanda cha siri. Nchi yetu ina sheria yake pia, namba 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009, inayoweka utaratibu wa silaha ndogo na nyepesi.

Kwa wafanyabiashara kuna maandishi mengine yaliyo karibu zaidi na mfuko wao. Tangu tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kisha kuingia katika umoja wake wa forodha mwaka 2009, mizigo yetu inahukumiwa kwa sheria moja ya forodha ya mwaka 2004. Sheria hiyo inaziweka silaha na risasi, zile za sura ya 93 ya orodha ya bidhaa, katika fungu la vitu vinavyozuiliwa kuingia bila idhini. Ndani ya sura hiyo ya 93 kuna namba 93.05, na namba hiyo ni ya vipuri na vifaa vya silaha. Wafanyabiashara wetu wanazijua namba za mchele, vitenge na betri kama wanavyoyajua majina ya watoto wao. Tunawaomba waikariri na hii. Anayekamatwa na bidhaa iliyozuiliwa anaweza kupoteza mzigo, kupoteza gari lililoubeba, na kupoteza uhuru wake.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo. Kipande kimoja hakiui mtu, watasema, na ni kweli. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ubaya wa biashara hii ni kwamba vipande vya viwanda mbalimbali vinaingiliana, kwa hiyo anayetaka silaha hana tena haja ya kuipitisha nzima. Kila kipande kikitazamwa peke yake hakimtishi mtu. Siku vikikutana katika chumba kimoja, pana bastola ambayo haiko kwenye daftari la serikali yoyote. Ikiua mtu Kamenge au Rumonge, polisi wataiokota, wataigeuza huku na huku, na hawatajua waanzie wapi kumtafuta aliyeileta.

Wamarekani wenyewe wameonja uchungu wa jambo hili. Kwa miaka mingi viliuzwa huko viunzi ambavyo havijakamilika, vikihitaji kazi kidogo tu ya mikono, na kwa kuwa havijakamilika vilihesabiwa kuwa si silaha na havikutiwa namba. Mwaka 2017 polisi wa nchi hiyo walipeleka kwa serikali yao silaha kama 1,600 za namna hiyo ili zitafutiwe asili. Kufikia mwaka 2021 idadi ilikuwa imepita 19,000. Serikali ikatoa kanuni mwaka 2022 kwamba seti za namna hiyo zihesabiwe kuwa silaha. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 26 Machi 2025 majaji 7 dhidi ya 2 wakaikubali kanuni hiyo. Kama nchi inayoipenda bunduki kuliko zote imefika mahali pa kusema hapana, sisi tuliozika watu wetu tunasubiri nini?

Wala tusidhani kwamba silaha ya kuunganishwa nyumbani ni mchezo wa watoto. Tarehe 8 Julai 2022 waziri mkuu wa zamani wa Japani, Shinzo Abe, aliuawa mjini Nara kwa silaha aliyoitengeneza muuaji mwenyewe, katika nchi ambayo raia wa kawaida haoni bunduki maisha yake yote. Na hapa kwetu tunalijua gobore, mugobore kwa Kirundi, lililofuliwa kwa bomba na kuua watu wengi wakati wa vita.

Liko pia jambo la usalama wa huyo huyo mwenye kuunganisha. Fundi wa Buyenzi anaweza kuvalisha gari la Toyota kipuri kisicho chake, likaenda hadi Gitega na kurudi. Bastola haina msamaha huo. Risasi ya kawaida ya milimita 9 inapolipuka, shinikizo lake ndani ya mtutu linaweza kufika takriban mara 1,000 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari, na nguvu hiyo yote imeshikwa na vipande vichache vilivyo sentimita chache tu kutoka vidole na macho. Bastola ya jina moja hutoka kwa vizazi, na kipande cha kizazi cha tatu huenda kisikubali kwenye kizazi cha tano, ingawa kwa macho vinafanana kama mapacha. Kisipokaa sawasawa, komeo huweza kufunguka kabla ya wakati. Springi ikiwa dhaifu, silaha hukwama. Kifyatuo kikilegezwa kupita kiasi, risasi hutoka pasipo mtu kukusudia. Mwaka 2017 kiwanda kikubwa chenye wahandisi na maabara kililazimika kuwarekebishia wateja wake bastola bure baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Ikiwa kiwanda kinakosea, atasalimikaje kijana mwenye koleo chini ya kitanda, ndani ya nyumba wanamolala watoto?

Sasa tugeukie njiani, maana ndiko hatari iliko kwa wasomaji wetu. Tuchukue mfano wa kubuni, ila kila msomaji ataujua. Mama anayeuza vitenge anapanda basi kuelekea mpakani. Kijana anamjia kwa heshima, anamwita mama, anamwomba amfikishie kaka yake kifurushi kidogo, vipuri vya cherehani, na anampa pesa ya chai. Mama anakiweka chini ya vitenge. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa sababu aliyekupa haoni uzito wake. Siku mzigo huo ukifunguliwa mbele ya askari wa duane, usufi hugeuka kuwa jiwe. Kijana wa kwenye basi hayupo. Namba yake ya simu haipatikani. Aliyebaki na kifurushi ni mama, na mtaji wake, na watoto wanaomsubiri jioni.

Ndiyo maana tunawaambia ndugu zetu wafanyabiashara, wakubwa kwa wadogo: usibebe usichokiona. Mwenye mzigo safi hatakataa kuufungua mbele yako. Andika jina lake na namba ya kitambulisho chake, mbele ya shahidi kama dereva au mwenzako wa safari. Ukiona kipande cha chuma au plastiki ngumu usichokijua, chenye mfereji ndani, au mpini wenye mahali pa kidole, kataa bila aibu. Ukigundua ukiwa tayari njiani, usikitupe porini ambako mtoto mchunga mbuzi atakiokota, wala usikifiche zaidi. Kipeleke mwenyewe kwa ofisa wa kwanza utakayemkuta, ukiwa na shahidi wako. Anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe husikilizwa kuliko anayekutwa.

Kwa ndugu zetu wanaorudi kutoka ng'ambo tuna neno lingine. Tunajua kwamba wapo walioishi katika majimbo ambako jirani wa kulia ana bastola na wa kushoto anayo, na kwamba kuwa nayo huko si dalili ya ubaya. Tunajua pia kwamba anayerudi na mali kidogo huogopa wezi, hasa akiwa bado anagombea kiwanja cha baba yake aliyekimbia mwaka 1972. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini viwanja vya ndege vya Marekani kukuruhusu kuweka mtutu au slaidi kwenye sanduku la chini ya ndege hakumaanishi kwamba uwanja wa Melchior Ndadaye umekuruhusu. Huko kwenyewe kutoa vipande vya silaha nje ya nchi kunadhibitiwa na sheria, hivyo unaweza kujikuta na kesi mbili, moja ulikotoka na nyingine ulikofika. Na ule msamaha wa ushuru anaopewa anayerudi nyumbani na vyombo vyake ni msamaha wa kodi peke yake. Hauhalalishi kitu kilichozuiliwa.

Anayetaka kumiliki silaha kwa njia ya haki aombe kibali kwanza, asubiri jibu, na akinyimwa avumilie. Kinachokuja bila karatasi kikae huko huko. Na kwa mwenye ugomvi wa shamba tunasema kwa moyo wa ndugu: bastola haijawahi kupima mpaka wa shamba. Imewahi tu kuongeza kaburi pembeni yake.

Hata hivyo, tusingekuwa waaminifu kama tungewahubiria wasafiri na kuwaacha wakubwa. Serikali ina deni lake. Sheria tulizozitaja ziko kwa Kifaransa na Kiingereza, katika karatasi ambazo mama wa vitenge hajawahi kuziona. Tunaomba liandikwe tangazo fupi kwa Kirundi na Kiswahili, lenye picha za vipande hivyo, libandikwe Kobero, Gatumba, Mugina na katika kila kituo cha mpaka na cha mabasi. Mtu anayeweza kutambua picha ya kipande hatasingizia kwamba hakujua, na asiyejua kweli hatanaswa kwa ujinga wake.

Pili, maofisa wa duane na polisi wafundishwe. Springi ya pikipiki si springi ya bastola, na bastola ya plastiki ya mtoto si kiunzi cha Glock. Tunalisema hili kwa sababu tunawajua baadhi ya watu wetu. Kesho asitokee ofisa akageuza onyo hili kuwa biashara, akawa anashika kila mfuko wa vipuri vya cherehani na kumwambia mwenyewe atoe kitu kidogo ama akalale ndani. Kila kinachokamatwa kiandikwe, mwenye mali apewe karatasi yenye mhuri, na kitazamwe na mtaalamu wa silaha kabla mtu hajaitwa mhalifu. Sheria inayotumika kama wavu wa kuvulia rushwa humfundisha mwananchi kuikimbia, na njia za panya hujaa.

Tatu, tunashauri utolewe muda wa watu kusalimisha vipande kwa hiari bila kuulizwa sana. Mwaka 2009 raia wa nchi hii waliombwa kurudisha silaha, na wengi walizirudisha. Leo huenda kuna masanduku yaliyoletwa kwa kutojua, yamekaa chini ya vitanda, na wenyewe wanaogopa kuyatoa kwa sababu hawajui wataambiwa nini. Wafunguliwe mlango. Silaha inayorudi kwa hiari ni nafuu kuliko inayotafutwa baada ya mazishi.

Nne, nchi jirani zisikilizane. Itifaki ya Nairobi inataka silaha itiwe alama inapotengenezwa na tena inapoingizwa nchini. Alama hizo hazina faida kama Bujumbura haiwezi kuuliza Dar es Salaam, Kampala au Kinshasa na kujibiwa upesi. Kipande hakijui mpaka, na daftari la kukifuatilia halipaswi kuishia kwenye kizuizi cha barabara.

Tunarudi kwa yule wa tatu tuliyeanza naye, aliyeuliza kosa liko wapi ikiwa kitu kinauzwa dukani Marekani. Kosa liko hapa kinapofika. Kila nchi huandika sheria yake kwa kumbukumbu ya maumivu yake, na yetu tunayajua. Anayerudi nyumbani na alete vitabu, dawa, mashine ya kusaga, na habari za watu wetu walio mbali. Vipande vya bastola aviache alikovikuta.